Jinsi ya Kupanga Jaribio la Kitabibu Linalopima Huduma za Kila Siku Wodini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mganga mfawidhi, muuguzi, mkunga, mfamasia au afisa wa afya wa halmashauri au kaunti ambaye ana wazo la kuboresha huduma na anataka kujua, kwa ushahidi unaosimama, kama wazo hilo linawasaidia wagonjwa. Hauhusu majaribio ya dawa mpya ambayo bado haijasajiliwa. Unahusu mambo ya kawaida: namna ya kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa zake, namna ya kupima damu inayomtoka mama baada ya kujifungua, kiasi cha maji ya mishipa anachopewa mtoto aliyefika hospitalini akiwa hoi. Mambo haya hufanyika maelfu ya mara kila siku, na mengi yake tunayafanya kwa sababu tuliyakuta yakifanyika.

Mwaka 1967, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, watafiti wawili wa Ufaransa, walitenganisha aina mbili za majaribio. La kwanza huuliza kama tiba inaweza kufanya kazi pale mazingira yote yanapokuwa mazuri. La pili huuliza kama tiba inafanya kazi katika mazingira tuliyo nayo, mikononi mwa watumishi waliopo, kwa wagonjwa wanaokuja. Hilo la pili, ambalo hapa nitaliita jaribio la kiutendaji, ndilo tunalopanga. Nitarejea mara kwa mara kwenye majaribio matatu yaliyofanyika katika ukanda wetu, kwa sababu karibu kila uamuzi mgumu utakaokutana nao umekwisha kuamuliwa ndani yake.

Hatua ya 1: Tafuta swali ambalo jibu lake hulijui

Andika swali lako katika sentensi moja inayotaja wagonjwa gani, huduma gani mpya, inalinganishwa na nini, na kipi kitapimwa. Kisha jiulize kwa unyofu: je, kama jibu likija kinyume na ninavyotarajia, nitabadilisha ninavyofanya kazi? Kama jibu ni hapana, acha jaribio. Utakuwa unatafuta cheti cha kuthibitisha imani yako, na wagonjwa watakuwa wamesumbuliwa bure.

Usiogope kuuliza swali ambalo wakubwa wanadhani limekwisha kujibiwa. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland akiwa Kilifi, liliuliza swali la namna hiyo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, yaani mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu na damu inayochelewa kurudi kwenye ncha ya kidole baada ya kubonyezwa, apewe haraka maji mengi ya mishipa. Mafunzo hayo yalitoka kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za kupumulia. Watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, na wale ambao hawakupewa maji ya haraka ila walipata matibabu mengine yote pamoja na dripu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashtua wengi. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa maji ya haraka. Madaktari na wauguzi waliokuwa wakiwapa watoto maji hayo kabla ya jaribio walifanya hivyo kwa nia njema na kwa kufuata kitabu.

Kwa hiyo, unapoandika neno "huduma ya kawaida" kwenye itifaki yako, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, usilichukulie kama mahali salama ambapo kila kitu kimekwisha kupimwa. Nayo iko kwenye mizani.

Hatua ya 2: Eleza huduma mpya hadi mtu asiyekujua aweze kuifanya

Wazo kama "tutawakumbusha wagonjwa kwa simu" halitoshi kuwa huduma. Nani anatuma ujumbe, siku gani, unasemaje, mgonjwa anatakiwa kujibu nini, na asipojibu nani anafanya nini? Tazama jaribio la WelTel lililofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 chini ya uongozi wa Richard Lester. Wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wale 273 wa kundi la simu walipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyekaa kimya naye alipigiwa.

Angalia uzuri wa neno lenyewe. Halitaji dawa wala ugonjwa, wala halimwamuru mtu kufanya chochote. Jirani akiishika simu hiyo kwa bahati mbaya, ataona salamu tu. Nadhani mtu aliyezoea kuandika miongozo ya wizara asingelifikia neno hilo; lilihitaji mtu anayesikiliza watu wanavyosalimiana. Mwisho wa jaribio, wagonjwa 168 kati ya 273 wa kundi la ujumbe walikuwa na ufuasi mzuri wa dawa, dhidi ya 132 kati ya 265 wa kundi la huduma ya kawaida. Idadi ya waliofubaza virusi nayo ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosalimiwa.

Kuona kwamba maelezo madogo yana uzito, linganisha na tafiti nyingine mbili. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki uliongeza ufuasi, wa kila siku haukuongeza. Nchini Kamerun, jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilituma kila wiki ujumbe wa kutia moyo kwa wagonjwa wa Yaoundé, na halikuona tofauti ya maana kati ya makundi. Mtu akisema tu kwamba "ujumbe wa simu unasaidia" au "hausaidii", bado hajasema lolote.

Andika basi huduma yako kama unavyomwandikia mtumishi mgeni anayeripoti zamu Jumatatu. Halafu ijaribu kwa wiki mbili au tatu, kabla ya jaribio lenyewe, na ijaribu usiku. Huduma inayowezekana saa nne asubuhi, wakati wapo wauguzi watano na wanafunzi wa mazoezi, inaweza kushindikana saa nane usiku wakati mkunga mmoja ana mama wawili wanaosukuma kwa pamoja na umeme umekatika. Kama haiwezekani usiku, irahisishe sasa.

Hatua ya 3: Pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa majaribio mengi. Unahitaji kujua tukio unalotaka kulipunguza linatokea kwa kiasi gani, na kama linaandikwa. Chukua madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, au rejesta zinazolingana nayo kwenu, ya miezi 6 iliyopita. Hesabu kwa mkono wako, kisha linganisha na mafaili ya wagonjwa. Tofauti utakayoikuta ni sehemu ya utafiti wako.

Mfano mzuri ni jaribio la E-MOTIVE kuhusu akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Lilihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kwa miezi 7 ya mwanzo hospitali zote ziliendelea na kazi yake kama kawaida huku damu ikipimwa. Ndipo zikagawanywa kwa bahati nasibu. Zile zilizopangiwa huduma mpya zikapewa miezi 2 ya kujifunza, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa miezi 7 mingine. Kwa mpangilio huo, kila hospitali ililinganishwa na wenzake na pia na ilivyokuwa yenyewe.

Tatizo lililowasukuma watafiti hao linajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi leba. Damu huonekana kidogo kuliko ilivyo. Nyingine imenyonywa na shuka, nyingine iko sakafuni, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, na jicho lililochoka hukadiria mililita 300 pale penye 700. Watu wetu walitafuta njia zao za kupima zamani: mkoani Kigoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wakunga wa jadi wangeweza kutumia khanga kama kipimo, ambapo khanga mbili zilizolowa zilikuwa alama kwamba damu imefikia kiwango cha hatari. Kipimo kilichokuwa tayari kiunoni mwa kila mama.

Hatua ya 4: Amua unagawa mgonjwa au kituo

Bahati nasibu ndiyo inayozuia ujanja, hata ule tusioukusudia. Tukiachiwa kuchagua wenyewe, tutampeleka kwenye huduma mpya mgonjwa mwenye matumaini, au yule anayeishi karibu, na matokeo yatang'aa kwa sababu zisizohusu huduma yenyewe. Swali ni kipi kinapigiwa kura: mgonjwa mmoja mmoja, au wodi, zahanati na hospitali nzima?

Gawa mgonjwa mmoja mmoja pale ambapo huduma inaweza kumfikia yeye bila kumgusa wa kitanda cha pili. Ujumbe wa "Mambo?" uliingia kwenye simu ya mtu, hivyo wagonjwa wa kliniki moja waliweza kuwa kwenye makundi tofauti. Lakini mkunga aliyefundishwa namna mpya ya kutambua damu nyingi hawezi kuisahau anapomhudumia mama wa saa tatu na kuikumbuka kwa mama wa saa nne. Pale ambapo huduma inakaa kichwani mwa mtumishi au inabadilisha utaratibu wa wodi, gawa vituo. Ndivyo E-MOTIVE ilivyofanya.

Kugawa vituo kuna gharama, na hapa wapangaji wengi wachanga hujikwaa. Wagonjwa wa kituo kimoja hufanana: wanatibiwa na watu walewale, wanatoka vijiji vilevile, wanakosa dawa ileile siku moja. Mgonjwa wa mia moja wa kituo hicho hakupi habari mpya nyingi kama ya yule wa kwanza. Watakwimu hupima ufanano huo kwa namba, na kuzidisha idadi ya wagonjwa wanaohitajika kwa kizidishi kinachopatikana hivi: idadi ya wagonjwa wa kituo ukitoa mmoja, mara kipimo cha ufanano, kisha jumlisha moja. Ukigawa wagonjwa ulio nao kwa kizidishi hicho, unapata uzito wao halisi. Tufanye hesabu. Una vituo 20, kila kimoja wagonjwa 100, jumla 2,000, na kipimo cha ufanano ni 0.02, ambacho ukikiona unaweza kukidharau. 0.02 mara 99 ni 1.98, jumlisha 1 unapata 2.98. Gawa 2,000 kwa 2.98: wagonjwa wako 2,000 wana uzito wa takriban 671. Sasa chukua wagonjwa haohao 2,000 lakini kutoka vituo 40, kila kimoja 50. Kizidishi kinashuka hadi 1.98, na uzito unapanda hadi takriban 1,010. Ukiwa na fedha kidogo za kuongeza, ongeza vituo kabla ya kuongeza wagonjwa. Na mtafute mtakwimu sasa, wakati itifaki bado ni rasimu, kwa sababu akija baada ya takwimu kukusanywa atakuwa na pole tu ya kukupa.

Wakuu wa vituo mara nyingi hulalamika kwamba kituo chao kimepangwa kwenye kundi lisilopata kitu. Kama malalamiko hayo ni makubwa, upo mpangilio ambao vituo vyote huanza na huduma ya kawaida na kuhamia huduma mpya kwa zamu, huku zamu hizo zikiamuliwa kwa bahati nasibu. Uhusiano utakuwa mzuri zaidi, ila uchambuzi unakuwa mgumu, kwa sababu huduma hubadilika pia kutokana na majira, mvua, mgomo au shehena mpya ya dawa, na inabidi utenganishe mabadiliko hayo na ya huduma yako.

Kuhusu utekelezaji wa bahati nasibu yenyewe, orodha itengenezwe na mtu asiyehusika na uandikishaji, na mwandikishaji asiweze kuona anayefuata amepangiwa wapi. Kama mtandao hautegemeki, tumia bahasha zisizopenya mwanga, zenye namba za mfuatano, zifunguliwe baada tu ya jina la mgonjwa kuingizwa kwenye rejesta. Kugawa kwa siku za wiki, au kwa namba shufwa na witiri za kadi, hakufai. Mapokezi watajua mtindo kabla ya wiki kwisha.

Hatua ya 5: Chagua tokeo kuu moja, na ulipime sawasawa kila upande

Tokeo kuu liwe jambo ambalo mgonjwa mwenyewe angelijali. Mama hajali kama fomu ya ufuatiliaji ilijazwa. Anajali kama alitoka leba mzima. E-MOTIVE ilichagua tokeo lililounganisha mambo matatu: kupoteza damu ya mililita 1,000 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo kutokana na damu. Yale ya utekelezaji, kama vile ni wangapi waligunduliwa mapema na wangapi walipewa tiba yote, yaliwekwa kama matokeo ya pili. Yanasaidia kueleza kwa nini tokeo kuu lilibadilika au halikubadilika.

Hapa pana mtego ambao unastahili kutazamwa kwa karibu. Huduma mpya ilikuwa na shuka la plastiki lililowekwa chini ya mama mara baada ya mtoto kuzaliwa, lenye mfuko angavu uliochorwa vipimo, ili mkunga aone damu inavyopanda na achukue hatua kabla haijawa nyingi. Kama hospitali za kundi linganishi zingeendelea kukadiria kwa macho tu, zingeonekana kuwa na akina mama wachache waliotokwa na damu nyingi, kwa sababu tu hazikuwaona. Watafiti waliwapa nao mfuko, lakini usio na vipimo, na damu ikapimwa kwa mizani. Mkunga wa huko aliendelea kutumia macho na uzoefu wake, na mizani ikaandika ukweli. Kila unapobuni huduma inayohusu kugundua jambo, uliza swali hilo: upande wa pili jambo hilo litahesabiwaje, na nani?

Punguza fomu. Niliwahi kupitia takwimu za hospitali moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikijaza fomu ya kurasa 14 kwa kila mgonjwa. Zamu za usiku zote ziliandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na shinikizo la damu la kila mgonjwa lilikuwa 120 kwa 80. Zilijazwa asubuhi, kwa kukumbuka au kwa kubuni, na siwezi kumlaumu aliyezijaza. Kila kipengele unachoongeza kinaiba dakika kwa mgonjwa. Tumia kwanza yaliyomo tayari kwenye rejesta, kisha ongeza machache ambayo bila hayo swali lako haliwezi kujibiwa.

Hatua ya 6: Vibali na ridhaa

Tanzania Bara, itifaki hupita kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako na kwenye kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtafiti wa nje huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na jaribio linalohusu dawa au kifaa tiba hupelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya na kamati yake ya maadili, hivyo kibali cha Bara hakitoshi. Kenya, utahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ruhusa ya kaunti, na kwa dawa, bodi ya famasia na sumu. Pamoja na hayo yote, nenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mfawidhi wa kila kituo, ukae, ueleze. Barua yenye mihuri minne haitafungua mlango wa leba kama muuguzi mfawidhi hajaelewa unataka nini.

Sajili jaribio kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Sajili ya majaribio ya Afrika, PACTR, iliyoko Afrika Kusini, hupokea majaribio ya nchi zetu zote. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na sheria, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya mwaka 2022 kwa Tanzania, kwa hiyo majina yakae mbali na takwimu na simu za watumishi zisitumike kupiga picha mafaili.

Ridhaa inahitaji fikra zaidi ya fomu. Ukigawa wagonjwa mmoja mmoja, kila mmoja aelezwe kwa lugha anayoitumia nyumbani kwamba kundi lake litaamuliwa kwa bahati nasibu, na kwamba kukataa hakutamnyima matibabu. Neno "jaribio" lenyewe huwatisha watu, na wana haki ya kutishika. Usilifiche kwa kuliita "mradi", lifafanue. Katika dharura, FEAST ilitumia njia ya hatua mbili: mzazi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, kwa maelezo mafupi, ili mtoto asicheleweshewe tiba, na ridhaa kamili ya maandishi ikafuata mtoto alipotulia. Njia hiyo ni ya kamati ya maadili kuiruhusu, haitumiki kwa urahisi wa mtafiti. Ukigawa vituo, mfawidhi anaweza kukubali kituo kiingie, lakini hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya mgonjwa. Kamati ndiyo itaamua ni sehemu gani ya utaratibu wa kawaida haihitaji saini ya kila mmoja, na hata hapo bandika tangazo la Kiswahili chepesi ukutani panapoonekana.

Hatua ya 7: Endesha jaribio bila kulibeba kwa mikono yako

Kishawishi kikubwa ni kulisaidia jaribio lifanikiwe. Unaajiri wauguzi wa utafiti, wanakaa wodini, wodi ikizidiwa wanashika kazi, na mwisho wa siku umepima faida ya kuongeza wauguzi. Mwajiriwa wa utafiti akusanye takwimu. Huduma ifanywe na watumishi wa kituo, kwa dawa za kituo. Kama dawa inaisha mara kwa mara, jaribio lionyeshe hivyo, isipokuwa upatikanaji wa dawa ni sehemu ya huduma unayoipima. Ikiwa ni sehemu, iandike wazi. E-MOTIVE haikuishia kwenye mfuko wenye vipimo. Ilifungasha pamoja kukanda kizazi, dawa za kukisaidia kijibane, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), maji ya mishipa, uchunguzi wa chanzo cha damu na kuita msaada, vyote vitolewe kwa pamoja badala ya kimoja kusubiri kingine kishindwe. Vifaa vilikaa tayari kwenye toroli au sanduku moja, na kila hospitali ilikuwa na watu wake wa kuhamasisha wenzao na kuwarejeshea takwimu za mwezi. Nguvu ya huduma hiyo iko pia kwenye toroli.

Jaribio lenye hatari yoyote kwa maisha liwe na kamati huru ya kuangalia takwimu na usalama, inayoona matokeo ya kila kundi wakati nyinyi hamuoni. Ndiyo iliyopendekeza FEAST isimamishwe Januari 2011, kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa. Watafiti wenyewe, wakiwa wodini kila siku, hawakuwa na namna ya kujua.

Hatua ya 8: Chambua kila mtu mahali alipopangiwa

Aliyepangiwa ujumbe wa simu lakini akauza simu yake mwezi wa pili anabaki kwenye kundi la simu. Hospitali iliyopangiwa huduma mpya lakini haikuitekeleza ipasavyo inabaki huko. Ukiwaondoa walioshindwa, unajibu swali la ulimwengu usio na simu zilizouzwa. Ndiyo maana matokeo ya WelTel yanasomwa kwa 273 na 265, idadi ile ile iliyopigiwa kura mwanzoni, bila kuwaacha waliopotea njiani. Na kama mligawa vituo, uchambuzi utambue vituo. Kuwahesabu wagonjwa kana kwamba kila mmoja anasimama peke yake hukupa uhakika usio wako.

Toa matokeo kwa namba ambazo mkunga anaweza kuzishika. Katika E-MOTIVE, iliyochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha akina mama 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida, tokeo kuu liliwapata asilimia 1.6 upande wa huduma mpya na asilimia 4.3 upande wa kawaida. Waliogunduliwa kati ya waliotokwa na damu nyingi walikuwa asilimia 93.1 dhidi ya 51.1. Soma tena hiyo namba ya mwisho: katika huduma ya kawaida, karibu nusu ya akina mama hao hawakutambuliwa kabisa.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo pale yalipotoka

Kabla ya kupeleka makala kwenye jarida, panga siku ya kurudi kwenye kila kituo, pamoja na vile vya kundi linganishi, na uwaonyeshe namba zao wenyewe. Kama huduma mpya imesaidia, kundi linganishi lifundishwe na lipewe vifaa. Hilo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kama haikusaidia, sema hivyo kwa sauti ileile.

Kisha kaa na watu wa bajeti. Mwishoni mwa 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza upimaji wa damu kwa vifaa vya aina hii pamoja na kifurushi cha tiba, lakini pendekezo la Geneva haliweki mfuko wa plastiki kwenye kabati la leba. Mfuko ni lazima uwe na namba kwenye orodha ya Bohari ya Dawa ya Tanzania au ya KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa na vifaa tiba ya Kenya, uombwe na kituo kwenye oda yake ya kila robo mwaka, na mfamasia wa wilaya ajue kuwa ni kifaa cha kutumiwa kwa kila mzazi, si cha kuwekwa akiba kwa ajili ya dharura tu. Andika kwenye itifaki, hata kama hakuna atakayelipia safari hiyo, kwamba mwaka mmoja baada ya jaribio kufungwa utarudi kituoni bila taarifa, ikiwezekana usiku, uombe kufunguliwa kabati na kuhesabu mifuko iliyomo.